Nirushie hiyo programu: Google yaanza kubana mlango, Igalula itaguswaje?

Kijana wa Igalula, Wilaya ya Uyui mkoani Tabora, akitaka programu mpya kwenye simu, si lazima aende Play Store. Bando lina bei, na rafiki yake tayari anayo. "Nirushie," anasema. Xender inafunguliwa, faili la APK linahama simu hadi simu, kazi imeisha. Hakuna intaneti iliyotumika, na hakuna aliyeuliza nani kaitengeneza.

Swali hilo la nani kaitengeneza ndilo Google inataka liulizwe. Agosti 2025 kampuni hiyo ilitangaza kwamba simu za Android zenye kibali chake zitapokea programu za watengenezaji waliojisajili na kuthibitisha utambulisho wao, hata kama programu haikutoka Play Store. Ratiba ni Septemba 2026 kwa Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand, kisha nchi nyingine kuanzia 2027. Tanzania iko kwenye kundi hilo la pili.

Google ina hoja. Inasema programu hatari zilizopatikana kwenye vyanzo vya mitandaoni ni zaidi ya mara 50 ya zile za Play Store. Na kwa mtu wa Igalula simu ndiyo pochi: hela ya asali au ya tumbaku ikishaingia humo, programu yenye ruhusa ya kusoma SMS inaweza kuona kila ujumbe wa muamala. Ikipewa na ile ruhusa ya ufikivu, inaona kilichoko kwenye kioo na kubonyeza kwa niaba yako. Ndiyo maana kuanzia Android 13 simu huizuia ruhusa hiyo kwanza kwa programu iliyoingizwa kwa faili, mpaka mwenye simu aende mwenyewe kuifungua.

Sasa tuangalie kinachothibitishwa. Ni mtu, si programu. Google yenyewe ilifananisha utaratibu huu na kuonyesha kitambulisho uwanja wa ndege: jina lako linajulikana, mzigo wako ni ukaguzi mwingine kabisa. Hapo ndipo mimi naona ahadi ya usalama inapungua uzito.

Chukua programu za mikopo. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni, baada ya kelele nyingi za watu kudhalilishwa, ndugu na marafiki zao wakipigiwa simu kuhusu deni wasilolijua. Namba hizo zilitoka wapi? Kwenye orodha ya simu ya mkopaji, kwa ruhusa aliyoibonyeza mwenyewe. Mwaka 2023 Google ililazimika kubadili kanuni za Play Store ili programu za mikopo zisisome tena namba na picha za wateja. Maana yake zilikuwa zinasoma, tena zikiwa ndani ya duka rasmi.

Mfano mwingine unatoka kwenye Linux, mfumo ambao Android imejengwa juu yake. Kwenye kompyuta ya Linux mwenye mashine anaweza kuingiza kifurushi chochote, hata ambacho hakijajaribiwa. Machi 2024 ikagundulika kwamba xz, programu ndogo ya kubana mafaili, imewekewa mlango wa siri. Aliyeuweka alijiita Jia Tan, na alikuwa amejenga uaminifu kwa wenzake kwa zaidi ya miaka miwili. Alikuwa na jina, historia na kazi inayoonekana.

Aliyemnasa ni mhandisi Andres Freund. Alikuwa akitumia toleo la majaribio la Debian, akashangaa kwa nini kuingia kwenye mashine kunachelewa kama nusu sekunde. Akachimba. Kwa kuwa maandishi ya programu yalikuwa wazi kwa yeyote kusoma, aliupata mlango huo kabla haujasambaa kwenye matoleo ya kawaida. Yaani aliyekubali kutumia kisichojaribiwa ndiye aliyewaokoa wengine.

Turudi kwenye njia yetu. Igalula iko ukanda wa misafara ya zamani iliyokwenda Tabora na Ujiji. Wasafiri walilipa hongo kwa watemi wa Ugogo ili wapite, na mwaka 1871 vita vya Mirambo vilipofunga njia ya Ujiji, misafara ililazimika kuzunguka mbali kusini. Kwenye simu za leo, karibu njia yote imeshikwa na kampuni moja.

Ada ya usajili ni dola 25. Google imeahidi akaunti ya bure kwa wanafunzi na wanaojifunza, lakini kwa idadi ndogo ya simu. F-Droid, duka la programu huria, limepinga waziwazi likisema haliwezi kuwalazimisha watengenezaji wake wajisajili Google. Baada ya malalamiko, Novemba 2025 kampuni ikasema itaacha njia ya pembeni kwa mtumiaji mzoefu anayekubali hatari.

Jambo zito zaidi kwangu ni hili: jina likishajulikana, serikali nayo inajua pa kubisha hodi. Oktoba 2023 TCRA ilitaka wanaotumia VPN wajieleze kabla ya mwisho wa mwezi huo. Mei 2025 mtandao wa X ukazuiwa nchini, na VPN ikawa programu ya kurushiana. Nje huko, Julai 2024 Apple iliondoa programu kadhaa za VPN kwenye duka lake la Urusi baada ya agizo la mamlaka. Mtumiaji wa iPhone hakuwa na njia rahisi ya pembeni. Wa Android alikuwa nayo, ndiyo hiyo inayojadiliwa sasa.

Kwa leo faili bado linarushwa. Ukipokea GB WhatsApp, jua WhatsApp inaweza kuifungia namba yako kwa kuitumia. Ukipokea programu ya mkopo au ya tochi inayoomba kusoma SMS, kataa ruhusa hiyo kwanza, halafu uone kama bado inataka kufanya kazi. Na ukimaliza kuingiza faili, rudi kwenye mipangilio uzime ile ruhusa ya kuingiza programu zisizojulikana, maana Xender haitaizima yenyewe.