Vigango Vikirudi, Virudi kwa Nani?

Kila vigango vinaporudishwa kutoka Marekani, magazeti huandika kwamba vimerudi nyumbani. Mimi ni Mgiriama wa Kaloleni, mwalimu wa historia niliyestaafu, na swali langu ni moja: nyumbani kwa nani? Stoo ya makumbusho Nairobi, hata iwe safi namna gani, si nyumbani kwa marehemu yeyote wa kwetu.

Kwa msomaji wa bara asiyevijua, kigango ni nguzo ya mti mgumu inayochongwa kwa ajili ya mzee wa chama cha Gohu aliyefariki. Juu kina kichwa, chini yake kiwiliwili bapa kilichochorwa pembetatu ndogondogo kwa ncha ya kisu, safu juu ya safu, kazi ya kuumiza macho. Mbele yake humwagwa pombe ya mnazi na mzee akapewa habari za mji wake, yaani boma lake: nani kaoa, nani mgonjwa, mvua imekataa. Kikishasimamishwa hakihamishwi. Wenyewe wakihama, kinabaki palepale na mchwa wake mpaka kiishe.

Miaka ya sabini na themanini, watalii walipojaa pwani, vilianza kung'olewa usiku. Tusisingizie Wazungu peke yao. Wang'oaji walikuwa vijana wetu, waliojua mji upi una vigango na mzee yupi hulala mapema. Wakaviuza kwa bei ya kutupa kwa wenye maduka ya vinyago Mombasa, na huko Marekani vikageuka sanaa ya matajiri, ambao baadaye wakavitoa zawadi kwa makumbusho. Watafiti waliovifuatilia walihesabu mamia katika makumbusho ya nchi hiyo.

Kisa kinachofahamika zaidi ni cha mzee Kalume Mwakiru. Mwaka 1985 mtafiti Monica Udvardy alimpiga picha kando ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake. Haukupita muda vikaibwa. Mwaka 1999 Udvardy, akiwa mkutanoni, akakitambua kimojawapo kwenye picha ya slaidi iliyoonyeshwa hapo. Kimoja kilikuwa katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Cha pili kilikuwa Illinois. Vyote vilirudishwa, 2006 na 2007, lakini mzee alikuwa keshafariki.

Makumbusho ya Denver nayo ilikuwa na vigango 30. Mwaka 2014 ikaamua kuvirudisha vyote ingawa hakuna sheria iliyoilazimisha, na kwa hilo naivulia kofia. Vilipofika Nairobi mwaka 2019, forodha ikadai ushuru, kama shehena ya mapambo ya dukani. Wazee wetu kutozwa kodi ya kuingia Kenya! Ningecheka kama isingekuwa aibu.

Hapo ndipo kazi halisi ilipopaswa kuanza. Katika sherehe za urithi nilizohudhuria, wazee wa kaya, yaani walinzi wa misitu yetu mitakatifu, huitwa waje na mavazi yao, wamwage mnazi, wapigwe picha na wageni rasmi, kisha wapewe nauli. Lakini anayeamua kitu kiwekwe wapi, lebo iseme nini, nani akiguse na nani asikipige picha, ni ofisa aliyeajiriwa juzi. Ushirikishwaji wa nauli siutaki.

Najua pingamizi: vikipelekwa vijijini vitaibwa tena, au vitaoza. La wizi nalikubali. Nimeona mji mmoja ambako kigango kimezungushiwa nondo za dirisha zilizochomelewa pande zote nne, na mbuzi wanajikuna hapo. Ni sura mbaya, lakini wenyewe ndio walioichagua, na kila jioni mwenye mji hupita hapo kumsalimu babake. La kuoza si la mhifadhi kuamua. Yeye kafundishwa kwamba mti ukiliwa na mchwa ni hasara. Gohu wanasema kigango kimemaliza kazi yake. Makumbusho isiyoweza kuvumilia jambo hilo isijidai kwamba imerudisha chochote.

Tatizo gumu ni vile visivyo na jina. Wanunuzi hawakuuliza vilitoka mji gani, na wauzaji hawakutaka kusema. Hivyo navyo viamuliwe na wazee wa Gohu na wa kaya, wakae wenyewe kwa siku watakazo, makumbusho igharimie kikao na ikubali jibu litakalotoka, hata likiwa ni kuvisimamisha msituni na kuviacha.

Vigango vya Mwakiru vilijulikana kwa sababu ya picha moja. Basi ndugu zangu wa Kilifi na Kwale, kama kwenu kuna picha ya zamani ya babu amesimama kando ya vigango, itoeni sandukuni, andikeni nyuma yake jina la marehemu na la mji, mkawaonyeshe wazee wa kaya yenu kabla hawajaisha.