Dawa ya kifafa si sabuni: mgonjwa aambiwe kiwanda kinapobadilika

Mama mmoja anayeuza sambaza kwenye soko la Kadutu, mjini Bukavu, alinionyesha mkono wa kijana wake wa miaka 14. Kidonda cha moto kilikuwa kimeanza kukauka, kutoka kwenye kiwiko mpaka kwenye vidole. Kijana huyo ana kifafa. Kwa mwaka mmoja na nusu hakuwa ameanguka hata mara moja, kwani alikuwa anakunywa karbamazepini ya miligramu 200 asubuhi na jioni. Kisha mwezi mmoja famasia yao haikuwa na plaketi waliyoizoea. Muuzaji akatoa nyingine, ya kiwanda kingine, akasema: "Ni ileile mama, ni jina tu limebadilika."

Siku ya tano kijana akaanza kuona vitu viwili viwili. Akawa anayumba akitembea, anasinzia darasani. Shuleni wakadhani amekunywa pombe. Mama akarudi famasia, wakamjibu kwamba dawa haina shida, labda mtoto ana malaria. Basi akafanya kile ambacho wazazi wengi wangefanya: akapunguza dawa mwenyewe, nusu kidonge asubuhi, nusu jioni. Siku chache baadaye kifafa kikarudi, na kijana akaangukia mbabula iliyokuwa na makala ya moto.

Mjomba wake alisema huo ni uchawi, dawa za wazungu zimeshindwa, apelekwe kwenye chumba cha maombi. Bahati nzuri mama alikuwa ameweka plaketi zote mbili, ya zamani na mpya, ndani ya daftari la shule. Mganga alipoziona ndipo swali la kubadilisha dawa likaulizwa kwa mara ya kwanza.

Hatuwezi kuapa kwamba kiwanda kipya ndicho kilisababisha yote. Homa inaweza kuamsha kifafa. Kusahau dawa siku mbili kunaweza. Eritromisini, ambayo kwetu inauzwa kama karanga bila ordonansi, hupandisha karbamazepini katika damu na kuleta kizunguzungu kilekile. Lakini hakuna aliyeuliza, na hilo ndilo tunalolalamikia hapa: mtoto alibadilishiwa dawa, akaugua, na kwa juma mbili hakuna mtu wa afya aliyeona kuwa mambo hayo mawili yanaweza kuwa na uhusiano.

Tuseme wazi kabla ya kwenda mbali: gazeti hili halipigi vita dawa za jenerike. Bila hizo, wenye virusi vya UKIMWI wa Kivu na Ituri wasingepata tiba, na mwenye kifafa angelipa bei ambayo hata mfanyakazi wa serikali haiwezi. Jenerike nzuri ni dawa nzuri. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walichapisha majaribio juu ya lamotrijini, dawa nyingine ya kifafa: wagonjwa walihamishwa kutoka jenerike moja hadi nyingine, kisha wakarudishwa, na tofauti ya maana haikuonekana. Lakini dawa hizo zilikuwa zimepita ukaguzi mkali, na wagonjwa walikuwa wakipimwa damu mara kwa mara. Nani anapimwa kiasi cha dawa katika damu huko Walungu au Mahagi?

Kwa kanuni inayofuatwa na nchi nyingi, kiasi cha jenerike kinachoingia katika damu hulinganishwa na kile cha dawa ya asili, na hesabu nzima, pamoja na mashaka yake, lazima ibaki kati ya asilimia 80 na 125. Wengi husoma namba hizo vibaya, wakidhani jenerike inaweza kupungukiwa sehemu ya tano nzima. Sivyo. Ili hesabu yote iingie ndani ya mipaka hiyo, wastani unapaswa kuwa karibu na 100. Ila jenerike ya kiwanda hiki hulinganishwa na dawa ya asili, na ya kiwanda kile vilevile. Zenyewe kwa zenyewe kwa kawaida hazilinganishwi. Kwa dawa nyingi jambo hilo halina uzito. Kwa dawa chache, ambazo kiasi kinachoponya na kiasi kinachodhuru vimekaribiana, linaweza kuwa na uzito. Karbamazepini na fenitoini ziko katika kundi hilo.

Uingereza iliona hivyo. Mwaka 2013 mamlaka yake ya dawa iligawa dawa za kifafa katika makundi matatu. Katika kundi la kwanza iliweka fenitoini, karbamazepini, fenobarbitali na primidoni, na kuwaambia waganga wahakikishe mgonjwa anabaki kwenye dawa ya kiwanda kimoja. Angalieni majina hayo. Dawa tatu za kwanza katika orodha hiyo ndizo hasa zinazotibu kifafa katika vituo vyetu vya afya, na fenobarbitali ndiyo ya maskini kuliko zote.

Tena, si lazima dawa yenyewe ibadilike. Mjini Brisbane, Australia, mwaka 1968 na 1969, wagonjwa wa kifafa walianza kuyumba na kuona viwili viwili huku wakinywa fenitoini kwa kipimo kilekile. Kilichokuwa kimebadilika ni unga wa kujaza kapsuli tu: kalsiamu salfati iliondolewa, sukari ya maziwa ikawekwa mahali pake. Ule unga wa zamani ulikuwa unazuia sehemu ya dawa isiingie mwilini. Ulipoondoka, dawa ikaingia zaidi. Na wasomaji wenye ndugu Ufaransa watakumbuka mwaka 2017, wakati dawa ya tezi ya shingo, Levothyrox, ilipobadilishiwa viambato vyake visivyotibu. Ripoti za malalamiko zilipita 30,000. Mabishano juu ya sababu yake yalikuwa makali, ila jambo moja lilikubaliwa na wengi: wagonjwa hawakuelezwa vya kutosha.

Huku kwetu kuna matatizo ambayo Brisbane haikuwa nayo. La kwanza ni unyevu. Vidonge vya karbamazepini vikikaa mahali penye unyevu huwa vigumu, haviyeyuki vizuri tumboni, na vinaweza kupoteza hata theluthi moja ya nguvu yake. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo hilo tangu mwaka 1990. Sasa fikiria katoni inayokaa siku kadhaa ndani ya lori kwenye matope, kisha kwenye depo yenye bati linalovuja, kisha vidonge vinahesabiwa na kutiwa ndani ya kimfuko kisicho na jina wala tarehe. Kiwanda kinaweza kuwa kizuri kabisa na mgonjwa akaanguka bado.

La pili ni zile herufi mbili, LP, zinazoandikwa kwenye pakiti za dawa inayotoka polepole mwilini. Mgonjwa aliyeandikiwa karbamazepini 400 LP akipewa vidonge viwili vya kawaida vya 200 ameze pamoja, miligramu zinalingana lakini dawa inapanda haraka zaidi, kizunguzungu kinakuja, kisha inashuka kabla ya saa ya kipimo kinachofuata. Muuzaji asiyesomea famasia atasema ni ileile. Na tunajua ni famasia ngapi za mitaa yetu zina mfamasia wa kweli nyuma ya meza.

La tatu ni uwongo mtupu. Kati ya mwisho wa mwaka 2014 na mwaka 2015, kaskazini-mashariki mwa nchi yetu, hasa Ituri, mamia ya watu, wengi wao watoto, walipelekwa hospitali shingo zikiwa zimepinda, nyuso na ndimi zikikakamaa. Mwanzoni ilidhaniwa ni menenjiti. Vidonge walivyokuwa wamekunywa vilipopimwa maabara, chupa zilizoandikwa diazepamu zilikutwa na haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili. OMS ikatoa tahadhari katikati ya mwaka 2015. Hiyo ilikuwa dawa ya kughushi, si jenerike halali, na hatupaswi kuchanganya mambo hayo mawili. Lakini mama aliye mbele ya meza ya famasia atayatofautisha vipi, ikiwa kila plaketi mpya inakuja na neno lilelile, "ni ileile"?

Tunajua watatujibu nini wenye famasia: wananunua kinachopatikana. Ni kweli. Tangu vita vilipoingia Goma Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa na barabara zikawa za mashaka, kudai kiwanda kimoja mwaka mzima ni kama kudai mvua inyeshe kwa ratiba. Hatudai hivyo. Kusema kweli hakuhitaji barabara. "Mama, mwezi huu ni kiwanda kingine, mwangalie mtoto kwa juma mbili, akibadilika rudi, na usipunguze dawa wala kuiacha ghafla." Maneno hayo hayalipiwi ushuru Kasindi wala Ruzizi.

Depo kubwa zinazogawia zoni za afya, kama ASRAMES ya Goma, zinaweza kufanya zaidi: kwa dawa nne au tano tu za kundi hili, zinunue kiwanda kimoja kwa muda mrefu kadiri inavyowezekana, na kikibadilika ziandikie vituo kabla ya katoni kufika. ACOREP, mamlaka ya dawa iliyoundwa mwaka 2020, inatoa ruhusa za kuuza. Ichapishe kwa lugha tunazosoma ni viwanda gani vya dawa za kifafa vina ruhusa hiyo, na ituonyeshe ukaguzi wake ukifika kwenye famasia za mitaa, si Kinshasa pekee. Kuhusu fomu ya kuripoti madhara ya dawa, niliuliza wauguzi watatu katika vituo vitatu vya Bukavu. Mmoja aliwahi kuiona, kwenye mafunzo. Hakuna aliyewahi kuijaza.

Kisa cha kijana wa Kadutu hakipo kwenye fomu yoyote. Kwa kitabu cha kituo cha afya yeye ni "kuungua, mkono wa kulia". Na Ituri, ambako maeneo kama Logo yana kifafa kingi kinachoandamana na ugonjwa wa upofu wa mtoni, ni kuungua na kuzama mtoni kwa watu wangapi kulikoandikwa hivyohivyo?

Kijana amerudishwa kwenye kiwanda cha zamani, kipimo kikapandishwa taratibu na mganga. Mama sasa anakata kipande cha plaketi chenye jina la kiwanda na namba ya loti, anakigundisha ndani ya daftari, na kando yake anaandika tarehe na siku ambazo mtoto hakuwa sawa. Nilipomtembelea mara ya mwisho alikuwa amefikia ukurasa wa nne, na famasia ilikuwa imemwambia kwamba mwezi ujao hawana hakika ya kupata ileile.