Alama za Vidole Hazisemi Tuliyoyaficha

Tangu Serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016, jiji letu limepokea watu kutoka kila pembe ya nchi. Asubuhi tunamkabidhi mtoto kwa dereva wa bodaboda, mchana kwa dada wa kituo cha kulelea watoto, usiku kwa matroni wa bweni. Zamani balozi wa nyumba kumi aliweza kutuambia fulani ni nani na katoka wapi. Leo atatuambia nani?

Jibu linalotajwa ni alama za vidole. Mwombaji huchukuliwa alama zake, Polisi huzilinganisha na kumbukumbu zao, kisha hutoa cheti kuonyesha kama ana rekodi ya jinai. Hapa kwetu wengi hukitafuta wanapokwenda kusoma au kufanya kazi ng'ambo. Kwa jirani zetu Kenya, dereva wa matatu na mwalimu anayeomba kusajiliwa hutakiwa kuwa na cheti cha namna hiyo. Tunaunga mkono kidaiwe pia hapa kwa kila anayeomba leseni au kazi ya kukaa na watoto, na shule na mabweni ya Kanisa yawe ya kwanza kukidai.

Lakini tusijidanganye. Cheti husema yaliyoandikwa tu. Mwaka 2002, katika mji wa Soham nchini Uingereza, mtunza majengo wa shule aliwaua wasichana wawili wenye umri wa miaka kumi. Kabla ya kuajiriwa alikuwa ametuhumiwa mara kadhaa kuwadhulumu wasichana na wanawake, ila hakuwahi kutiwa hatiani, na taarifa hizo hazikuwafikia waliomwajiri.

Ikiwa hayo yalitokea katika nchi yenye kumbukumbu nyingi, sisi je? Tunajua jinsi mambo haya yanavyokwisha vijijini mwetu, na mijini pia. Mtoto anaharibiwa, wazee wa pande mbili wanaketi, mbuzi au fedha zinatolewa, na mama anaambiwa anyamaze asiaibishe ukoo. Kesi ikifika mahakamani, shahidi haonekani. Mwaka unaofuata mtu yule yule anaweza kuhamia mjini, akaweka vidole vyake kwenye mashine, na cheti kikatoka safi. Polisi hawakusema uongo. Sisi ndio tuliowanyima ukweli.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii anayejua haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mtaa au kijiji. Kanisa nalo limejibana: kwa barua yake ya mwaka 2019, *Vos estis lux mundi*, Papa Fransisko aliwawajibisha mapadre na watawa kutoa taarifa za unyanyasaji kwa viongozi wao. Siri ya kitubio inabaki pale pale, lakini mazungumzo ya ofisini na vikao vya ukoo si kitubio.

Wapo wanaoogopa kwamba mtu asiye na hatia atachafuliwa jina. Hofu hiyo ni ya haki. Ndiyo sababu tuhuma zipelekwe panapochunguzwa, badala ya kubaki minong'ono kisimani na gengeni, ambako mwenye kosa na asiye na kosa hupakwa tope moja.

Ndugu mseminari, miaka michache ijayo utaketi katika ofisi ya parokia. Familia itakuja, na watu wazima wote watakuwa wamekubaliana. Watakuomba tu uwaombee amani, yaishe. Mtoto hatakuwa ameulizwa. Siku hiyo usiwape baraka ya kunyamaza. Inuka, ufuatane nao hadi dawati la jinsia na watoto la Polisi. Amani isiyomjali aliyeumizwa si amani ya Kristo. Na bila hatua hizo za miguu yetu, mashine ya vidole itaendelea kutupa vyeti safi vya watu tuliowaficha wenyewe.