Roboti la maboksi na kosa langu

Mwenzenu nilibanwa na kazi za chumba cha habari, lakini kuna jambo linanisumbua tangu juzi, na gazetini halina nafasi. Nalileta hapa.

Miezi michache iliyopita vijana fulani wa Yombo walinialika kuangalia filamu yao. Wameipiga kwa simu. Mwaka 2090 visima vyote vya mtaani vimekauka, kimebaki kimoja, na kinalindwa na roboti. Roboti lenyewe ni maboksi ya televisheni yaliyopulizwa rangi ya fedha, na ukichungulia vizuri unaona sandali za jamaa aliyemo ndani. Nilicheka mpaka machozi. Nikaandika vijistari vya kuchekesha, mhariri akafurahi, wasomaji wakafurahi.

Juzi nikakutana na mmoja wao ndani ya daladala ya Buza. Hakunitukana. Aliniuliza tu, "Bro, ile mwisho uliionaje?"

Nikababaika. Ukweli ni kwamba niliondoka katikati kuwahi usafiri.

Kinachoniuma ni kwamba mimi ni mtoto wa Tandika, na filamu za namna hiyo ndizo zilizonilea. Shilingi mia mkononi, benchi la mbao, madirisha yamezibwa magunia, joto la kuchemsha chai. Sikumbuki hata mmoja wetu akilalamika kwamba mlipuko ni mdogo au chuma kinaonekana plastiki. Tulitaka kujua steringi atatokaje hapo.

Chukueni Cyborg ya mwaka 1989, ya Van Damme. Kampuni ya Cannon ilikuwa imeshajenga mandhari na kushona mavazi kwa ajili ya filamu ya Spider-Man na mwendelezo wa Masters of the Universe. Mipango yote miwili ikafa. Mwongozaji Albert Pyun akavitumia vitu hivyo hivyo kupiga filamu nyingine kabisa kwa chini ya dola 500,000. Kwetu hiyo ni hela ya kufuru, lakini The Terminator ya 1984, ambayo Hollywood waliihesabu kuwa ya bei ndogo, iligharimu dola milioni 6.4. Kwa maneno mengine, tulikuwa tunashangilia makombo. Na bado, ile sehemu Van Damme anasulubiwa kwenye mlingoti wa meli, halafu anaupiga mateke kwa kisigino mpaka unavunjika, kibanda kizima kilisimama. Mwenye kibanda alilazimika kuturudishia nyuma tuone tena.

Sasa nimeirudia nikiwa mtu mzima. Maboksi hayanisumbui hata leo, kinachonisumbua ni stori. Dunia imekumbwa na tauni, mwanamke aliyegeuzwa nusu mtu nusu mashine amebeba kichwani taarifa za dawa anazipeleka Atlanta. Wazo zuri ajabu! Lakini filamu inalianzisha kisha inalisahau. Yule mama anageuka mzigo wa kugombaniwa, na saa nzima iliyobaki ni kisasi na mateke. Wagonjwa hatuwasikii tena. Huo ndio ugonjwa wa filamu nyingi za aina hii: wazo linawekwa mlangoni kama kiingilio, ukishaingia ndani hakuna anayeliulizia.

Sisi hatukuuona udhaifu huo kwa sababu tulikuwa na watafsiri. Sauti ya Lufufu ilikuwa inaziba matundu. Pale stori ilipokauka yeye aliongeza ya kwake, akampa adui maneno ambayo hakuyasema, na tukacheka. Wakenya wana DJ Afro wao, Waganda wana VJ Jingo. Nasema bila aibu kwamba nusu ya muvi nilizozipenda utotoni zilitungwa upya na mtu mwenye maikrofoni.

Waganda ndio walioenda mbali zaidi. Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, alikuwa mfyatua matofali. Kompyuta zake anaziunga mwenyewe kwa vipuri vilivyotumika, bunduki zake ni chuma chakavu na mbao. Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010 inasemekana ilitumia chini ya dola 200, na ina helikopta za kompyuta zinazolipua maghorofa ya Kampala. Nakala yake ya awali haipo tena. Aliifuta ili kompyuta ipate nafasi ya kazi iliyofuata. Iliyobaki ni ile yenye sauti ya VJ Emmie anayeitangaza kama mpira. Si ya kisayansi sana, nakubali, lakini nikisikia mtayarishaji wa Bongo ananiambia hatuwezi kupiga filamu za wakati ujao kwa sababu hatuna bajeti, namkumbuka Nabwana na matofali yake.

Na kama tatizo ni wazo, majirani zetu wameshatuonyesha pia. Wanuri Kahiu wa Kenya alitoa Pumzi mwaka 2009, haizidi nusu saa. Dunia imekauka baada ya vita vya maji, watu wanaishi ndani, na binti mmoja, Asha, anaotesha mbegu kisha anatoka nje kwenda kuipanda. Hiyo haikuwa na bajeti ya maboksi, ilikuwa na pesa kiasi, lakini angalieni: maji yapo mwanzo, yapo katikati, yapo mwisho.

Maji, jamani! Nani anayajua kuliko mtu wa Yombo au Mbagala anayepanga madumu foleni alfajiri? Wale vijana hawakuokota wazo lao Hollywood. Kwa kipande nilichokiona, kisima kilisahaulika mapema, roboti na steringi wakabaki kurushiana mateke kwenye kiwanja cha mpira, na hilo ndilo nililopaswa kuwaandikia badala ya sandali. Lakini siwezi kuandika hata hilo, maana huenda kisima kilirudi baada ya mimi kuondoka.

Nimemwomba namba yule kijana. Jumamosi naenda Yombo, safari hii nakaa mpaka mwisho.