Bei ya semolina Bondeni huamuliwa ng'ambo, Njoro ikitazama

Mama anayenunua semolina au pakiti ya tambi katika duka la mtaa wa Bondeni, jijini Nakuru, huenda akadhani bidhaa hiyo imetoka karibu. Kwani Njoro, iliyo umbali wa kilomita zipatazo 20, si ndiko ngano imelimwa kwa zaidi ya miaka 100?

Ukweli ni kwamba bei anayolipa huamuliwa mbali sana na Bonde la Ufa.

Semolina halisi ni chenga za ngano ngumu, ijulikanayo kama durumu. Ngano hiyo haifiki hata asilimia 10 ya ngano yote ya dunia, na Kanada ndiyo muuzaji wake mkuu. Ukame ulipoikumba Kanada mwaka 2021, mavuno yake ya durumu yalipungua kwa zaidi ya nusu, na bei ikapanda kote duniani.

Kabla soko halijatulia, Urusi iliivamia Ukraine Februari 2022. Mei mwaka huo India ilipiga marufuku uuzaji wa ngano yake nje, na Agosti ikazuia unga na semolina pia. Mkataba wa kusafirisha nafaka kupitia Bahari Nyeusi, uliotiwa saini Julai 2022, ulivunjika mwaka mmoja baadaye Urusi ilipojiondoa.

Misukosuko hiyo ilitufikia kwa sababu Kenya huagiza zaidi ya robo tatu ya ngano inayotumia. Ile inayolimwa Njoro, Mau Narok na Narok kwa sehemu kubwa ni ya mkate na chapati, wala si durumu.

Hapa ndipo penye utata. Ushuru wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa ngano ya kigeni ni asilimia 35, lakini kwa miaka mingi Kenya imeruhusiwa kutoza asilimia 10, ili mkate usiwe ghali. Wasagaji nao hutarajiwa kununua ngano ya wakulima wetu kwanza.

Mpango huo humfaa mlaji. Hata hivyo, bei ya dunia inaposhuka, mkulima aliyenunua mbolea na dizeli kwa bei ghali hujikuta akishindana na shehena inayoshushwa Mombasa kwa bei asiyoweza kuimudu. Akikata tamaa na kugeukia zao jingine, tunazidi kuwategemea wageni.

Kuongeza ushuru pekee si dawa, kwa kuwa mzigo huo utamwangukia mnunuzi wa Bondeni. Lililo muhimu ni kupunguza gharama ya kuzalisha gunia moja.

Uwezo tunao. Kituo cha utafiti cha Njoro kilianzishwa mwaka 1927, na tangu 2005 mbegu za ngano kutoka mataifa mengi hujaribiwa hapo dhidi ya kutu ya shina aina ya Ug99, iliyotambuliwa Uganda mwaka 1999. Jirani zetu wa Ethiopia wamelima durumu tangu kale. Je, kuna sababu gani ya kutofanya majaribio ya kina ya zao hilo katika nyanda zetu za juu?

Serikali iwape watafiti fedha, na wasagaji watangaze bei mapema, kabla ya msimu wa kupanda. Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Sisi twategemea cha asiye ndugu.