Igeuzeni Nguo Mtazame Mshono

Nataka kuwapa habari inayoniaibisha mimi mwenyewe, kisha juu ya habari hiyo niweke hoja yangu. Naye atakaye kunipinga na anipinge katika kurasa hizi hizi.

Kwaya moja ya mashambani ilikusanya fedha muda wa miezi mingi, wengine wakiuza kuku na wengine mahindi, ili nyimbo zao sita zinaswe sauti na kupigwa picha za video. Wakamtafuta kijana mwenye cheti. Kijana akaja, akanasa sauti, akawapiga picha ukingoni mwa mto na mbele ya kanisa, kisha akaenda zake kuhariri, yaani kuchagua vipande vilivyo vyema, kuvikata, kuviunganisha, na kuipatanisha sauti na picha. Aliporudi na kazi yake watu walikusanyika jioni ili kutazama, nami nalikuwapo. Midomo ya waimbaji ilifumba kabla neno halijaisha. Besi ilimezwa na kinanda. Kila walipoimba kwa nguvu, sauti ilipasuka kama bati linalokwaruzwa. Walakini maua yalikuwapo! Yalianguka kutoka juu kama mvua, nyota zikazunguka, na jina la kwaya likawaka moto pande zote. Mama mmoja mzee akauliza, “Mwanangu, mbona nasikia naimba nami mdomo nimefunga?” Hakuna aliyemjibu. Fedha ilikuwa imekwisha lipwa.

Kijana yule alikuwa mwanafunzi wangu. Alipata alama 82 katika 100, na mkono uliomwandikia alama hizo ni huu huu uandikao maneno haya.

Nalimpimaje? Sehemu ya kwanza ya mtihani ilikuwa karatasi: taja faida tano za kuhariri video, eleza maana ya neno fremu, na mengine ya namna hiyo. Akajibu vema, maana ana kumbukumbu. Sehemu ya pili, aende nyumbani, na baada ya majuma mawili alete filamu ya dakika tatu. Akaleta filamu imeremetayo. Nikaitazama mara moja tu, kwa simu yangu, katika chumba cha walimu wenzangu wakizungumza, nikaandika alama. Sikujua picha zile zilipigwa na nani. Sikujua kama vipande vile alivipanga yeye au alipangiwa na mashine. Maana siku hizi ziko programu za simu zenye violezo vilivyokwisha tengenezwa, mtu hutia picha zake tu, na mashine huzikata kwa kufuata mdundo wa muziki, wala yeye haamui hata mahali pamoja pa kukata. Sikumwuliza neno. Nami nalijiona mwalimu mwema, kwa kuwa nilisahihisha kazi zote kwa siku mbili.

Fundi wa cherehani hampimi mwanagenzi wake hivyo. Hamwambii ataje faida tano za sindano. Wala akiletewa shati lililopigwa pasi hasemi, “Limependeza, wewe ni fundi.” Huligeuza ndani nje, akatazama mshono: kama umenyoka, kama ncha zimefungwa, kama pale kwapani pameshonwa mara mbili au pamepitishwa uzi mmoja wa kudanganyia macho. Shati huraruka kwa ndani kwanza.

Basi kazi ya kuhariri nayo ina upande wake wa ndani, na ndiyo maana nasema hatuna udhuru. Ahaririye kwa kompyuta haikati picha yenyewe. Huvipanga vipande juu ya mstari mrefu uonekanao katika kioo, picha juu na sauti chini, na mpango huo wote huwekwa katika faili lake peke yake, mbali na filamu iliyokamilika. Filamu iliyokamilika ndiyo shati lililopigwa pasi. Faili la mpango ndilo upande wa ndani. Ukilifungua waona kila mahali palipokatwa. Waona kama maneno ya msemaji, muziki na sauti za mahali vimewekwa kila kimoja katika njia yake, au vimerundikwa pamoja hata kimoja kisipate kurekebishwa bila kuharibu kingine. Waona kama zile picha na sauti za asili zimehifadhiwa bila kuguswa. Mtahini asiyelifungua faili hili amenunua nguo kwa kupenda rangi.

Kuna watu wasemao, na wengine ni walimu wa heshima, ya kwamba kazi hii ni mambo ya ladha tu, kila mtu na macho yake, wala haipimiki. Hili si kweli, na nitaonyesha. Televisheni za kwetu huonyesha picha 25 kila sekunde, yaani kila picha hukaa sehemu 40 za elfu moja ya sekunde. Mwaka 1998 Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano ulitoa mapendekezo yake juu ya sauti na picha, ya kuwa watazamaji huanza kugundua kasoro sauti ikitangulia picha kwa sehemu kama 45 za elfu, au ikichelewa kwa sehemu kama 125. Angalieni tofauti hiyo. Ikitangulia, picha moja tu na kidogo yatosha kumsumbua mtu. Ikichelewa, twavumilia picha tatu. Kwa nini? Mtu akipasua kuni ng’ambo ya bonde waona shoka likishuka, ndipo usikie kishindo. Hakuna aliyepata kusikia kishindo kabla ya shoka kushuka; sikio limezoea kungoja, wala halijazoea kutangulia. Basi mwanafunzi akipatanisha midomo na maneno, aweza kupimwa kwa hesabu, na ladha haina neno hapo.

Kadhalika sauti iliyohifadhiwa katika kompyuta ina dari yake, nayo huandikwa desibeli 0. Mhariri akiipandisha kupita dari, kilele chake hukatwa, na kilichokatwa hakirudi. Ndiko kupasuka kule tulikosikia jioni ile. Kipimo cha dari huonekana katika kioo, na chekundu kikiwaka hata mtoto hukiona. Vivyo hivyo ule mvumo uingiao kutoka katika nyaya za umeme, ambao kwetu huwa wa mizunguko 50 kwa sekunde: mwanafunzi ama ameusikia akaupunguza, ama hakuusikia. Haya yote yapimika. Ila yataka mtahini mwenye spika za masikioni na chumba kimya, si mtu mwenye simu mkononi na chai mbele yake, kama nalivyokuwa mimi.

Nakubali liko jambo lisilohesabika, nalo ni kuchagua. Inasimuliwa habari za Mrusi mmoja, Lev Kuleshov, aliyefundisha kazi ya filamu huko Moscow karibu na mwaka 1920. Alichukua uso wa mchezaji mmoja, usiobadilika hata kidogo, akauunganisha mara na bakuli la supu, mara na jeneza, mara na mwanamke. Na waliotazama wakaona njaa, kisha huzuni, kisha tamaa, nao uso ni ule ule. Maana haikuwa katika uso, ilikuwa katika kiungo. Basi mtu aunganishaye picha ana mamlaka juu ya yale tutakayoyaamini, na mtu wa namna hii hapimwi kwa karatasi. Hupimwa kwa kuulizwa uso kwa uso: kwa nini ulikata hapa? Mbona sauti ya mzee umeiacha iendelee na hali uso wake umekwisha ondoka? Aliyekata mwenyewe hujibu, pengine kwa maneno mabovu, lakini hujibu. Aliyekatiwa na mashine, au na kaka yake, hutazama chini.

Ushauri wangu ni huu. Wanafunzi wote wapewe picha na sauti zile zile ghafi, tuseme dakika 20 za mazungumzo na mfinyanzi wa vyungu. Ndani yake mwalimu atie makosa kwa makusudi: upepo katika kinasa sauti, msemaji anayerudia sentensi, mvumo wa umeme, na mahali pamoja ambapo sauti imesogezwa picha nne. Wapewe saa tatu, watoe dakika mbili. Kisha mtahini alifungue faili, aulize maswali yake, na mwisho amwambie mwanafunzi, “Ondoa sentensi hii ya katikati, mtazamaji asijue,” naye aifanye mbele ya macho yake. Dakika 5 za jambo hili zafunua zaidi ya kurasa 10 za majibu. Maua na nyota zisipewe alama hata moja, ila pale zinapoeleza neno.

Nimeuleta ushauri huu katika baraza la walimu, nikapingwa. Walisema: wanafunzi 40, kompyuta 6. Ni neno la kweli, wala silidharau. Lakini mafundi seremala nao hawana randa moja kwa kila mwanafunzi, na bado hatuwapimi kwa kuandika habari za randa. Watu 6 asubuhi na 6 mchana, siku nne hazitimii 40 wamekwisha, na makosa yaliyotiwa yaweza kubadilishwa mahali kila zamu ili wa kwanza asimnong’oneze wa pili. Tena sauti haitaki mashine kubwa. Programu iitwayo Audacity, iliyotoka mwaka 2000 na hutolewa bure, hufanya kazi katika kompyuta nyonge ambazo kwa video hazifai kitu.

Mwingine akasema, waachwe walete kazi kutoka nyumbani, kila mtu kwa uwezo wake. Hapo nalikasirika, nikasema kwa sauti kubwa kuliko ilivyofaa, nami sijutii. Mwana wa mwenye mali huleta picha zilizopigwa kutoka angani kwa kamera irukayo. Mwana wa mkulima huleta za simu yenye kioo kilichopasuka. Tukiziweka pamoja na kuzipa alama, twampima baba, wala si mtoto.

Neno la tatu halikusemwa wazi, lakini ndilo lililokuwa mioyoni, nami nalijua kwa kuwa lilikuwa moyoni mwangu: karatasi ni rahisi kusahihisha. Naam, ni rahisi kwetu. Hapa Tanzania tangu Januari 2024 shule za sekondari zimeanza kuwa na mkondo wa amali kando ya mkondo wa jumla, na vyuo vya ufundi vimekuwa vikisema juu ya umahiri kwa miaka mingi. Neno amali ni tendo. Tukiliandika juu ya mlango, kisha ndani tukauliza “taja faida tano,” tumebadili kibao tu. Na kama mtahini mmoja hatoshi kwa kuogopa upendeleo, wawe wawili, kila mmoja aandike alama zake kabla hawajasemezana. Zikipishana sana, waitazame kazi tena pamoja.

Kuna jambo moja bado sijalisema. Baada ya jioni ile ya kwaya sikupata usingizi, nikarudi chuoni nikafungua mafaili ya mwaka ule, yale machache yaliyokuwa yamesalia. Nikakuta la binti mmoja niliyempa 41, akakosa cheti. Maandishi yake yalikuwa mabaya, na filamu yake haikuwa na maua; ilikuwa habari ya bibi yake akisuka mkeka. Safari hii nikavaa spika za masikioni. Katika sauti ya dakika tatu alikuwa amekata mahali 31, na kila kiungo amekilaza polepole, cha kwanza kikififia na cha pili kikipanda, hata nilipokuwa nasikiliza bila kutazama sikujua mahali hata pamoja. Upepo ameutoa, na maneno ya bibi hayakudhurika. Sauti za asili zote zimo katika folda yake, zimeandikwa majina na tarehe.

Nalimtafuta, nikamkuta sokoni akiuza vitunguu. Nikamweleza niliyoyaona, nikamwomba radhi. Alinisikiliza huku akimpimia mteja, akasema, “Ahsante, Mwalimu. Faili nililihifadhi mimi, wewe hukulifungua.” Akaendelea kupima.

Nimemwandikia mkuu wa chuo nikiomba apewe mtihani tena kwa namna niliyoieleza, na jibu sijapata. Zile nyimbo za kwaya nimejaribu kuzitengeneza upya usiku nikiisha kazi. Mbili zimekaa sawa. Nne haziwezekani, maana kijana alizipandisha sauti kupita dari, kisha akafuta zile za asili ili apate nafasi katika simu yake. Na ule wimbo wa mama mzee umo katika hizo nne.