Nuru Ikigonga Kioo, Hurudi Kutoka Wapi?

 

Dada yetu mmoja, msomaji wa ukurasa huu, ametufikishia suala. Binti yake amefikia wakati wa kuchagua masomo, naye ataka kuendelea na fizikia. Baadhi ya jamaa wamempinga. Wasema elimu hiyo haimfai mwanamke, wala haimsogezi mja kwa Mola wake. Mama ataka kujua kauli yetu. Wanachuoni wana kanuni kwamba kukihukumu kitu ni tawi la kukifahamu. Basi tumuombe msomaji afuatane nasi kwanza katika mlango mmoja mdogo wa elimu hiyo, kisha ndipo tutoe kauli.

Mlango wenyewe ni nuru na kioo. Kila anayejitazama kiooni ajua kwamba nuru hugonga na kurudi. Miaka elfu moja iliyopita, Hasan ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyeishi na kufariki Cairo, alilichunguza jambo hili katika Kitab al-Manadhir, kitabu chenye juzuu saba. Kanuni ya kuakisiwa ilijulikana tangu zama za Wayunani. Yeye aliipima kwa vyombo na kuithibitisha: pembe ya mwale unaoingia ni sawa na pembe ya mwale unaotoka, na miale hiyo miwili hukaa katika bapa moja, haikengeuki kulia wala kushoto. Ndiyo kanuni wanayofunzwa watoto wetu shuleni hadi leo, nayo ni sahihi kwa kila kazi ya macho ya kawaida.

Lakini je, nuru hurudi kutoka mahali palepale ilipogonga?

Ili kulielewa suala hili, chukua bilauri ya kioo safi, uijaze maji, uinue juu ya usawa wa macho, kisha utazame uso wa maji kutoka chini, kupitia ubavuni. Utauona uso ule ukimeta kama fedha. Nuru iliyo ndani ya maji, ikiufikia uso kwa mlalo mkubwa, haitoki hewani bali hurudi yote. Kwa kioo cha kawaida, hali hiyo huanza pembe inapozidi kiasi cha digrii 42, ikipimwa kutoka mstari ulio wima juu ya uso. Nyaya za mawasiliano zinazopita chini ya bahari, kama zile zilizofika Mombasa mwaka 2009, hutegemea kurudi huku: nuru hufungiwa ndani ya uzi wa kioo na kusafiri masafa ya mbali. Simu ya mwanao aliye Muscat au London yaweza kukufikia kwa njia hiyo.

Isaac Newton alihisi kwamba nuru hiyo haigeuki ghafla mpakani, bali hupenya kidogo upande wa pili kisha hurejea. Uthibitisho ulikawia sana. Ulitoka Hamburg, Ujerumani, kwa Fritz Goos na mwenzake kijana, Hilda Hänchen, mwanamke aliyeandika tasnifu yake ya udaktari mwaka 1943, katikati ya vita vikuu, juu ya kupenya huko kwa nuru. Mwaka 1947 wakatangaza matokeo yao: mwale unaorudi hutokea mbele kidogo ya pale ulipogonga, kana kwamba umeteleza juu ya mpaka kabla ya kugeuka.

Mtelezo wenyewe ni mdogo mno. Kwa kawaida hukaribia urefu wa wimbi moja la nuru, na unywele mmoja wa kichwa una upana wa mawimbi zaidi ya hamsini kama hilo. Wawili hao waliuonaje? Waliipitisha nuru ndani ya bamba la kioo ili igonge na kurudi mara nyingi. Ukanda mmoja wa bamba waliupaka fedha, na kando yake wakaacha kioo kitupu. Kila nuru ilipogonga kioo kitupu, ilisogea mbele kidogo zaidi ya ile iliyogonga fedha, na masogeo hayo yakajumlika hadi tofauti ikaonekana. Wasomaji wetu waijua thamani ya amali ndogo inayodumu, na hapa waiona kazi yake hata maabarani.

Sasa twende hatua moja zaidi. Nuru ni wimbi, na wimbi lina namna ya kutikisika. Watazame watoto wanaocheza kamba: waweza kuitikisa juu na chini, au upande kwa upande, au kuizungusha. Nuru ya jua hutikisika kila namna kwa pamoja. Nuru inayotikisika kwa mpango mmoja tu husemwa imepolaraiziwa. Wavuvi waliovaa miwani ya jua ya aina hiyo waona samaki chini ya maji, kwa sababu miwani huzuia mng'ao unaoruka juu ya bahari, ambao sehemu yake kubwa hutikisika kwa ulalo. Ukitaka kujua kama miwani unayouziwa ni ya kweli, ishike mbele ya kioo cha simu na uizungushe polepole. Kwa simu nyingi, giza litaingia na kutoka.

Imebainika kwamba kiasi cha mtelezo hutegemea namna nuru inavyotikisika. Miale miwili ya rangi moja, ikigonga mahali pamoja kwa pembe moja, huachana kidogo inaporudi ikiwa mitikisiko yake ni tofauti. Na nuru inayozunguka kama kamba husogea kando: izungukayo kulia huenda upande mmoja, na izungukayo kushoto huenda upande wa pili, nje kidogo ya lile bapa alilolipima Ibn al-Haytham. Fedor Fedorov alilitabiri jambo hili mwaka 1955, na Christian Imbert wa Ufaransa akalipima mwaka 1972.

Leo elimu hii ina matumizi. Grafini ni kaboni, jamii ya ile iliyo katika penseli, lakini utando wake una unene wa atomi moja tu. Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Manchester walitunukiwa Nobeli kwa kazi hiyo mwaka 2010. Utando kama huo utaupima kwa rula gani? Watafiti wameonyesha kwamba nuru ikiakisiwa juu yake, kusogea kwa miale hubadilika kwa kila tabaka linaloongezeka, na hivyo tabaka zaweza kuhesabiwa bila kuguswa. Kwa njia iliyo karibu na hiyo, badiliko dogo la chumvi katika maji hutambuliwa kwa mwale uliohama kidogo.

Hatutaki msomaji aondoke hapa akidai kwamba haya yote yametajwa katika aya fulani. Nadharia za wanadamu hurekebishwa, na aya si mahali pa kuzibandika. Tunalosema ni kwamba Mola ameumba kwa mizani, na mizani hiyo yafika mahali ambapo jicho limekoma.

Basi kauli yetu kwa dada yetu ni hii. Imam al-Ghazali alizihesabu tiba na hisabati miongoni mwa faradhi kifaya, na vipimo vya hospitali zetu leo vimesimama juu ya fizikia. Binti anayeisoma kwa nia njema, huku akihifadhi sala zake na stara yake, yumo katika kuubeba mzigo wa umma. Mwenye kusema kwamba akili ya mwanamke haiwezi elimu hii, jina la Hilda Hänchen limo katika vitabu vya fizikia, na jambo alilolipima laitwa kwa jina lake hadi leo. Nanyi akina baba, karo ikiwa haba, msimwondoe binti kwa kuwa ni binti. Tazameni nani ana hamu na bidii.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awape watoto wetu elimu yenye manufaa, na atujaalie nuru katika nyoyo zetu na majumba yetu. Amin. Wabillahi tawfiq.